Wakija na Akselereta, Tuwaulize Nini?



Kuna neno jipya linatembea siku hizi kati ya Lubumbashi na Kipushi: akselereta. Madereva wote wanalijua, ni ile pedali ya kukanyaga ili motokari ikimbie. Ila wanaolileta sasa hawazungumzi habari ya motokari. Wanazungumzia programu inayochukua biashara changa, ile vijana wa mjini wanaita startapu, inaifundisha kwa miezi michache, inaipa washauri, mara nyingi inaipa na pesa kidogo, kisha inaisimamisha mbele ya wenye makuta ili waone kama watatia mkono.

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta, yanatuhusu nini sisi wa mahindi na maharagi? Yanatuhusu, kwa sababu tatu. Ya kwanza, tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka 2022 Serikali ya Kongo ilitoa sheria ya kuinua ujasiriamali na startapu. Ya pili, wafadhili wakubwa wameshafungua njia hiyo. Mradi wa Benki ya Dunia unaoitwa PADMPME, uliokubaliwa mwaka 2018, ulikuwa na mashindano ya mipango ya biashara kwa vijana, na Lubumbashi ilikuwa moja ya miji yake. Ya tatu iko hapa mlangoni petu. Mgodi wa Kipushi ulioanza mwaka 1924 na kusimama mwaka 1993, umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Na sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni ya mgodi itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na kazi yake. Pesa ya namna hiyo inapotafuta kazi ya kufanya, mtu hakosi kusimama na kupendekeza akselereta.

Maoni yangu nayasema mapema. Tusikatae programu hizo, na tusizipigie magoti. Twende nazo na maswali mkononi. Watafiti wa vyuo vikuu wamezipima kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na waliyoyaona yako karibu na akili ya mkulima kuliko karatasi nzuri za matangazo.

Shida ya kupima

Akselereta ya kwanza inayojulikana, Y Combinator, ilianza mwaka 2005 huko Cambridge, Massachusetts, Marekani. Baada yake zilifuata nyingine nyingi, hata Afrika. Mwaka 2014 watafiti wawili, Susan Cohen na Yael Hochberg, waliandika ni nini hasa kinaifanya programu iitwe akselereta. Iwe na muda uliopangwa, mwanzo na mwisho. Watu waingie kwa kundi na watoke kwa kundi. Kuwe na mafunzo na washauri. Na mwishoni kuwe na siku ya kujionyesha mbele ya watu. Kwa hiyo si sawa na programu ya kulea biashara pole pole kwa miaka, na si sawa na semina ya siku mbili ambapo mtu anarudi nyumbani na kofia na pesa ya njia.

Kisha likaja swali gumu: je, zinasaidia kweli? Au zinachagua tu wale ambao wangefaulu hata bila msaada? Sisi tunalielewa vizuri. Agronome akigawa mbegu mpya kwa wenye mashamba ya bondeni tu, penye udongo mweusi na unyevu, kisha mavuno yakiwa mazuri akajisifu juu ya mbegu yake, nani atamwamini? Ili kuijua mbegu unatafuta mashamba mawili yaliyo jirani, udongo mmoja, mvua moja, unapanda mbegu mpya upande huu na ya zamani upande ule. Watafiti wazuri wanafanya hivyo hivyo na biashara. Wanatazama waliochaguliwa na waliokosa kwa nukta chache tu, sababu hao wanafanana.

Chile: pesa na ofisi peke yake havikutosha

Serikali ya Chile ilianzisha programu yake, Start-Up Chile, mwaka 2010. Waliochaguliwa walipewa pesa na fasi ya kufanyia kazi pamoja. Kati yao, kundi dogo la waliofanya vizuri mbele ya waamuzi liliongezewa kitu kimoja: shule ya ujasiriamali. Si shule ya kuandika ubaoni tu. Walikutana kila wakati uliopangwa na wasimamizi pamoja na wenzao, wakasema wamefanya nini, wamekwama wapi, na watafanya nini kabla ya mkutano unaofuata.

Juliana Gonzalez-Uribe na Michael Leatherbee walipima jambo hilo, na kazi yao ilitoka mwaka 2018. Waliwatazama wale waliokuwa karibu na mstari wa kuchaguliwa, wa juu kidogo na wa chini kidogo. Waliopata pesa na ofisi peke yake hawakuonyesha tofauti inayoonekana na wenzao waliokosa. Waliopata pesa, ofisi na ile shule pamoja, biashara zao zilikua zaidi na zilipata mtaji zaidi.

Ndugu zangu, matokeo hayo tuyatafune polepole. Mara ngapi tumesikia kwenye mikutano yetu, "Banatuletea formasio tu, makuta iko wapi?" Ni swali la haki, na nitalirudia chini. Lakini huko Chile makuta yalikuwapo, na peke yake hayakuinua biashara. Kilichoinua ni makuta pamoja na mtu anayekuuliza: ulisema utafanya hili, umelifanya?

Jambo hili si geni kwetu. Tazameni likelemba. Kwa nini wamama wanaweza kuzungusha pesa miaka na miaka bila karatasi ya mwanasheria? Sababu kila mmoja anamwona mwenzake. Asiyetoa anajulikana siku ile ile, na jumapili atakutana nao kanisani. Nguvu ya likelemba iko kwenye macho ya wenzako.

Namna ya kufundisha ina uzito

Watafiti wengine, Susan Cohen pamoja na Christopher Bingham na Benjamin Hallen, waliingia ndani ya akselereta 8 za Marekani ili kuona tofauti kati yao. Kazi yao ilitoka mwaka 2019, na mambo matatu yanafaa tuyakumbuke.

La kwanza, zilizofaulu ziliweka washauri na wanunuzi wengi kwa pamoja, mapema, mwanzoni mwa programu. Hazikuwagawanya mmoja mmoja kwa muda mrefu. Mtu akisikia maneno ya watu wengi kwa muda mfupi, anaacha kushikilia wazo lake la kwanza kama jiwe. La pili, zilizofaulu ziliwafanya washiriki waonyeshane hesabu na shida zao, kila mmoja aone ya mwenzake. Pale penye siri, watu walijifunza kidogo. La tatu, wote walipitia mafunzo yale yale. Hawakuachwa wachague wanachopenda, kwa maana mtu anachagua kile anachokijua tayari na kukimbia kile kinachomuumiza.

Karibu na sisi zaidi, kwenye nchi ya Kifaransa kama yetu, kuna Togo. Huko Lomé watafiti walichukua wenye biashara ndogo 1,500 na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida ya hesabu na uongozi wa biashara. La pili lilipata mafunzo ya kujituma: kuanza jambo kabla hujaambiwa, kutazama mbele, kujitofautisha na jirani, kutokata tamaa ukikwama. La tatu halikupata kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Faida ya kundi la kujituma ilipanda kwa asilimia 30. Faida ya kundi la mafunzo ya kawaida ilipanda kwa asilimia 11, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno hata watafiti hawakuweza kusema kwa hakika kama ilitoka kwenye mafunzo au ni bahati tu.

Kwa hiyo anayesema "tutawapa formasio" hajasema kitu bado. Formasio gani? Ya kunakili maneno kwenye kaye, au ya kukutoa nje ukamtafute mnunuzi wewe mwenyewe?

Na makuta je?

Sasa turudi kwenye swali la haki. Kuna wanaosema: umaskini ni ukosefu wa pesa, mengine yote ni hadithi. Wana ushahidi wao, na sitauficha. Nigeria ilifanya mashindano makubwa ya mipango ya biashara kuanzia mwaka 2011, yakiitwa YouWiN. Washindi walipewa kwa wastani karibu dola 50,000 kila mmoja. David McKenzie wa Benki ya Dunia alilinganisha walioshinda na waliokosa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka mitatu biashara za washindi zilikuwa hai zaidi na zimeajiri watu wengi zaidi. Hapo pesa ilifanya kazi.

Ila tazameni kiasi. Dola 50,000 ni pesa ya kununua mashine, kuajiri watu na kuvumilia mwaka mbaya. Nani atakuja Kipushi na dola 50,000 kwa kila koperative? Mimi sitegemei hivyo. Tunachoweza kutegemea ni pesa ndogo. Na pesa ndogo isiyo na anayeuliza tunajua inakwenda wapi: msiba ukitokea, inakwenda msibani, shule ikifunguliwa, inakwenda shuleni. Si wizi, ni maisha. Kwa hiyo kama pesa ni ndogo, tuipokee, lakini tudai ije pamoja na ile shule ya Chile.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayasemi. Mtafiti Sandy Yu alifuatilia biashara za teknolojia za Marekani na kuona kwamba zilizopitia akselereta zilifungwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko zinazofanana nazo. Mtu akisikia hivyo anaweza kuruka: kumbe zinaua! Mimi nasoma tofauti, na yeye pia aliona hivyo: programu inawasaidia watu kujua upesi kwamba wazo halifai, kabla hawajamwaga pesa zaidi.

Tuseme koperative inataka kukopa ili inunue mashine ya kusaga mahindi. Kabla ya kuweka sahihi, wamemba wanapita kwenye nyumba 30 kuuliza: mnasaga wapi, kwa bei gani, mara ngapi kwa mwezi? Wanahesabu siku ambazo umeme unakatika. Wanauliza bei ya mazuti. Wanamtafuta fundi na kumwuliza kipande kikivunjika kinatoka wapi, kinafika baada ya siku ngapi. Kama hesabu inaonyesha hasara, kuiacha mashine hiyo ni faida ya kwanza ya koperative. Programu inayowashangilia mpaka mwisho bila kuwauliza hayo, itawaachia deni na mashine yenye kutu.

Kirinyaga: soko likifunga mlango

Hapa ndipo naomba tukae kidogo, maana kisa hiki kinatuhusu kuliko vyote. Kimetokea Kenya, kwa wakulima wadogo kama sisi, katika wilaya ya Kirinyaga. Programu iliitwa DrumNet, ya shirika la Pride Africa. Haikuitwa akselereta, lakini ilifanya kazi ya kuwasukuma wakulima wa vikundi waende mbio: iliwapa mkopo wa pembejeo, mafunzo, na kuwaunganisha na kampuni inayopeleka mboga Ulaya, hasa maharagwe machanga ya kijani.

Nava Ashraf, Xavier Giné na Dean Karlan waliipima kwa kulinganisha vikundi vilivyoingia na visivyoingia. Baada ya mwaka mmoja habari ilikuwa nzuri. Wakulima wengi zaidi walilima mazao ya kuuza nje, na wale walioanza kuyalima kwa mara ya kwanza, mapato ya nyumba zao yalipanda kwa asilimia 32. Kama utafiti ungeishia hapo, ungetengenezwa bango kubwa.

Haukuishia hapo. Mwaka mmoja baada ya kupima, mnunuzi aliacha kununua, kwa sababu wakulima hawakuweza kutimiza masharti ya Ulaya juu ya dawa, maji na uandishi wa kila kinachofanyika shambani. DrumNet ikaanguka pale. Wakulima wakauza kwa walanguzi kwa hasara, mazao mengine yakaachwa shambani bila kuvunwa, mikopo haikulipwa, na watu wakarudi kwenye mazao yao ya zamani. Watafiti waliiandika sehemu hiyo pia, na tuwashukuru kwa ajili ya hiyo, maana wengi wanapima mwaka wa kwanza na kuondoka.

Somo si kwamba wakulima walikuwa wavivu, wala kwamba soko la mbali ni baya. Somo ni kwamba ngazi nzima ilisimama juu ya mguu mmoja, mnunuzi mmoja, na masharti yake hayakuwa mikononi mwa wakulima. Sisi wa mpakani tunajua maana yake. Zambia ikifungua mahindi yake, bei ya bunga inashuka huku; ikiyazuia, inapanda. Programu itakayokuja kutuambia "limeni hiki, mnunuzi yupo", tuiulize mnunuzi wa pili ni nani, na masharti yake yakibadilika nani atalipa deni.

Nani anachagua, na anamchagua nani?

Programu nyingi zinachagua kwa karatasi na kwa maneno. Anayejua Kifaransa kizuri na kompyuta anapita. Mama anayeuza lengalenga na kalanga kwa miaka 15 bila kupata hasara hapiti, sababu hakuandika mpango wa biashara.

Huko Amravati, India, watafiti Reshmaan Hussam, Natalia Rigol na Benjamin Roth walijaribu njia nyingine. Waliwauliza majirani: kati yenu, nani akipewa pesa ataizalisha? Kisha wakagawa ruzuku ya karibu dola 100 kwa bahati nasibu na kusubiri. Wale ambao majirani waliwaweka juu, pesa yao ilizaa karibu mara tatu ya wastani. Majirani walijua mambo ambayo fomu haikuyaona.

Lakini kuna upande wa pili. Watu walipoambiwa kwamba majibu yao ndiyo yataamua nani apewe pesa, walianza kuwapandisha ndugu na rafiki zao. Nani anashangaa? Watafiti waliona pia kwamba kuna njia nyepesi za kupunguza jambo hilo, kama kumlipa kidogo anayesema ukweli. Kwa hiyo koperative ina haki ya kusema: tuachieni tuchague sisi, tunajuana. Ila tuiweke haki hiyo pamoja na utaratibu, komite isije ikampeleka mtoto wa prezida.

Kuna hatari nyingine ambayo watafiti wa Marekani hawaigusi, kwa sababu wao wanapima kampuni za mtu mmoja au wawili. Akselereta imezaliwa ili itafute mwanzilishi, mtu wa mbele. Koperative si hivyo. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya mwaka 2010, ambayo Kongo inaifuata tangu ilipoingia OHADA mwaka 2012, inasema memba mmoja sauti moja, hata akiwa na hisa nyingi. Mwenye makuta hawezi kuja kununua nusu ya koperative na kuwa bosi. Ni ulinzi mkubwa kwetu, lakini unafanya programu ziwe na haraka ya kutafuta mlango mwingine: zinamchukua kijana mmoja mwenye akili, yule anayeshika kaye ya hesabu, zinamfanya "mwanzilishi", anahamia Lubumbashi. Yeye anapata cheti. Koperative inabaki bila mwandishi.

Simlaumu kijana. Kama nyumbani tunamwonyesha njia mbili tu, kuchimba mawe na kuchoma makala, ana haki ya kutafuta ya tatu. Lakini programu inayosema inajenga koperative, iipokee koperative yenyewe: watu watatu waliotumwa na mkutano mkuu, mmoja wao mama, na wanaporudi waeleze mbele ya wote walichojifunza.

Saa ya mvua

Miezi mitatu inatosha kwa mtu wa programu za telefone. Anaandika leo, anajaribu kesho, anarekebisha keshokutwa. Mahindi hayajui hiyo. Huku kwetu mvua inaanza karibu na mwezi wa 11 na kumalizika karibu na mwezi wa 4. Anayeanzisha mafunzo mwezi wa 12 na kutaka tukae kwenye salle kutwa, amechagua siku ambazo shamba linamwita kila mtu. Na akiondoka mwezi wa 2, hajaona hata kilo moja ya mavuno, atapima nini?

Programu ya wakulima ifuate mvua. Mawazo, wanunuzi na hesabu viwe mwezi wa 8 na wa 9, kabla ya kununua mbegu na mbolea. Wakati wa kulima, mikutano mifupi shambani. Uzito mwingine uje baada ya mavuno, pale bei iko chini na mtu anashawishika kuuza yote kwa wa kwanza anayefika na kamyo. Na kipimo kiwe cha misimu miwili, mitatu, maana Kirinyaga imetuonyesha kwamba mwaka wa kwanza unaweza kudanganya.

Maswali matano ya kuwauliza

Watakapokuja, wawe wa mgodi, wa Serikali, wa shirika la nje, hata hili linalotoa gazeti hili, tuwaulize haya kabla ya kuweka sahihi:

1. Baada ya kutoa pesa, nani atarudi kutuuliza tumefanya nini, na mara ngapi?
2. Wanunuzi tutakutana nao lini? Mwanzoni, au siku ya mwisho ya kupiga picha? Na wa pili ni nani kama wa kwanza akiondoka?
3. Je, mnaichukua koperative au mnamchukua mtu mmoja?
4. Mafunzo yanafuata majira yetu ya kulima?
5. Mtatupima mpaka lini, mtatulinganisha na nani, na matokeo mabaya mtatusomea sisi pia?

Anayejibu vizuri matatu kati ya hayo, tukae naye mezani. Anayekasirika kwa kuulizwa, tumemjua.

Na yetu wenyewe

Kabla hawajafika, sehemu kubwa ya dawa hii tunaweza kuitengeneza sisi bila kusubiri makuta ya mtu. Kila wiki mbili, kikao cha saa moja, kaye ya hesabu inafunguliwa mbele ya wamemba wote na kusomwa kwa sauti. Kila kundi linasema liliahidi nini na limefanya nini. Anayekwama anasema amekwama, wenzake wanamshauri pale pale. Pesa ya koperative na pesa ya nyumba zisilale sanduku moja. Na kila msimu wamemba wawili wanatumwa kutafuta mnunuzi mpya, hata kama wa zamani bado yupo.

Mgodi uliwahi kusimama miaka zaidi ya 30, na mji huu unakumbuka miaka hiyo. Zinki nayo itakwisha siku moja. Pesa inayopita sasa haitapita mara nyingi. Ikipita juu ya koperative zisizouliza, itaacha mabango na vyeti ukutani. Mkutano mkuu unaokuja, naomba maswali haya matano yawekwe kwenye ajenda, yajadiliwe, yaongezwe mengine, na komite ipewe ruhusa ya kuyatumia.